Mtoto ana kilo ngapi? Swali linalowakera wateja wangu

Mhariri, salaam, na poleni na majukumu.

Mimi ni muuzaji wa duka la dawa muhimu hapa Ifakara. Watu wananiita dokta ila mimi si dokta, nilisomea unesi msaidizi halafu nikapata kozi ya kuuza dawa, basi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niongee kuhusu homa za watoto, maana nimekaa nyuma ya kaunta miaka mingi sasa na kuna jambo moja nimechoka kulinyamazia.

Jumanne iliyopita saa tatu usiku nilikuwa nafunga, nimeshashusha mlango nusu, akaja baba mmoja na pikipiki hata hajaizima. "Dokta fanya chap, nipe dawa ya homa ya mtoto, ya buku mbili." Nikamuuliza mtoto ana kilo ngapi. Aliniangalia kama nimemuuliza namba ya chasisi ya pikipiki yake. "Dada vipi, mtoto ana mwaka na nusu, we nipe ile ya watoto." Homa imeanza lini? Jana, au juzi, mama yake ndo anajua. Ameshapewa nini? Bibi yake kampa kitu, sijui nini. Anakunywa, anakojoa? Hapo akachoka kabisa, akaniambia "dada yangu, mimi nimetumwa."

Nimetumwa! Hilo neno nalisikia kila siku. Anayekuja dukani siye anayemuuguza mtoto, na anayemuuguza hajui aliyetumwa kanunua nini, na bibi ana chupa yake nyingine kwenye kabati.

Basi nikamwambia zima pikipiki, mpigie mama mtoto. Akapiga, akaweka spika. Mama akaenda kutafuta kadi ya kliniki, akaitoa chini ya godoro, akasoma kilo tisa na nusu, mara ya mwisho kupimwa miezi miwili nyuma. Nikamwomba anisomee na chupa ya dawa waliyokuwa wanampa, maandishi madogo yale ya pembeni. Akasoma taratibu, Panadol ya maji, miligramu mia mbili hamsini kwa mililita tano. Dawa ilikuwa ya dada yake mkubwa anayesoma darasa la kwanza. Kijiko kimoja kizima, mara tatu tangu asubuhi. Kwa mtoto wa kilo tisa na nusu hicho kijiko kimoja ni karibu mara mbili ya kiwango cha juu anachotakiwa kupewa kwa wakati mmoja. Na kwa nini walikuwa wanaongeza? Kwa sababu homa ilikuwa inashuka, saa nne tano baadaye inapanda tena, wakasema dawa inafanya kazi ila ni ndogo.

Sikumuuzia kitu. Nilimwambia aende akamchukue mtoto na mama yake na ile chupa, wasiiache nyumbani, waende hospitali usiku uleule. Alinuna, akaondoka kwa fujo. Kesho yake akapita kuniambia mtoto alikutwa na malaria, ameanzishiwa dawa na anaendelea vizuri. Kumbe siku mbili nzima Panadol ilikuwa inaizima taa huku nyumba inaungua. Panadol inashusha joto na kumpunguzia mtoto maumivu basi, wala haiui mdudu wa malaria, haitibu nimonia, haitibu sikio linalotoa usaha. Homa ikirudi maana yake kilichoileta bado kipo, siyo kwamba kijiko kilikuwa kidogo.

Sasa hili la kilo. Dawa ya mtoto inapimwa kwa uzito jamani, umri ni kukisia tu. Watoto wawili wa miaka miwili mmoja anaweza kuwa na kilo tisa mwingine kumi na nne, na wote wanaitwa "wa miaka miwili". Paracetamol, ndiyo hiyo Panadol, ni miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo moja, ukishampa unasubiri angalau saa 4, vizuri zaidi 6, na isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Na dawa za maji zilizopo madukani hazifanani, ipo ya 120 kwa mililita 5, ipo ya 125, ipo hiyo ya 250 ambayo ni nzito mara mbili, na boksi zinafanana, picha ya mtoto anacheka, rangi ya chungwa au ya pinki. Mtoto wa kilo 10 ukimpa mililita 5 za ile ya 120 uko sawa kabisa, ukimpa mililita 5 za ile ya 250 umezidisha. Mama amezoea "kijiko kimoja", kijiko kimoja cha nini hajui, wala mimi simlaumu maana karatasi iliyo ndani ya boksi mara nyingi ni Kiingereza kitupu, herufi kama mchanga.

Na kijiko chenyewe! Siku moja niliamua kupima vijiko vya nyumbani kwangu, vile tunavyoviita vya chai, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Nilikuwa navyo vitatu. Kimoja kilibeba mililita tatu ukikijaza, kimoja tano, na kile kikubwa kilichokuja na seti ya harusi kilikaribia saba. Vyote ni vijiko vya chai. Tangu siku ile mteja wa dawa ya maji nampa bomba dogo la mililita tano, namwonesha mstari, namwambia mtoto umlaze kidogo, dawa uipitishe pembeni ya shavu, usimkabe pua. Wengine wanasahau bomba kwenye kaunta. Nikikosa bomba basi tumia kile kikombe kilichokuja na chupa, kile watu wanachokitupa na boksi.

Msije mkadhani naongea kama mjuaji, mimi mwenyewe yamenikuta. Mwanangu wa pili akiwa na miaka mitatu alipata mafua na homa. Mama yangu alimpa Panadol saa kumi, hakusema. Mume wangu aliporudi akampa saa kumi na moja na nusu, akaenda zake kwenye mpira. Mimi nikafunga duka nikarudi saa moja nimemkuta wa moto, nikampa dawa ya mafua, ambayo kwa taarifa yenu nyingi zina paracetamol humohumo ndani, imeandikwa pembeni. Mara tatu ndani ya saa tatu, na nyumba ina muuza dawa! Niligundua nilipouliza mbona chupa imepungua hivi. Tulimpeleka hospitali kuangaliwa, hakudhurika, namshukuru Mungu, ila nililia mpaka asubuhi maana paracetamol ikizidi inaharibu ini na mwanzoni huoni dalili yoyote, mtoto anacheza tu. Siku hizi kwetu akiumwa mtoto kuna karatasi inabandikwa kwenye mlango wa friji, saa ngapi, nini, mililita ngapi, nani kampa. Bibi hajui kuandika vizuri, anachora mstari, tunaelewana.

Kuna jambo lingine, themomita. Nyumba ina simu janja tatu, ina king'amuzi, haina themomita. Mi nauza elfu tano, inakaa miaka. Kiganja kinadanganya, hasa kama wewe mwenyewe umetoka kuosha vyombo au umetoka juani. Weka kwapani, bana mkono wa mtoto, subiri ilie, 37.5 kwenda juu hiyo ni homa. Halafu mtazame mtoto mwenyewe kuliko namba. Mtoto ana 38.5 lakini anacheza, ananyonya, anakusumbua na simu yako, huyo huna haraka ya kumjaza dawa, mpe kunywa, mvue sweta. Mwingine ana 38 tu lakini amelegea kama kitambaa kilicholowa, huyo ndo wa kukimbia naye. Na akilala usingizi wake mzuri usimwamshe eti muda wa Panadol umefika.

Hilo la sweta nalo! Ifakara hii, joto la mwezi wa pili unalijua mhariri kama umewahi kufika, unamkuta mtoto ana homa kavishwa sweta, kofia ya sufu, soksi na blanketi juu, "asipigwe na baridi". Joto litatokea wapi sasa? Upande wa pili wapo wanaomtumbukiza mtoto kwenye beseni la maji ya baridi au kumpaka spiriti. Maji ya baridi yanamtetemesha, ngozi inajikaza, joto linabaki ndani, na spiriti inapenya ngozini na mvuke wake anauvuta. Nguo moja nyepesi inatosha, dirisha wazi, neti ishushwe, na vya kunywa kidogokidogo mara nyingi, maziwa ya mama kwanza kama bado ananyonya, uji mwepesi, maji yaliyochemshwa. Asipotaka kula siku moja muache, asipotaka kunywa hapo shughuli imeanza.

Nije kwenye degedege maana ndilo linalotisha watu kuliko vyote. Mimi nimekulia shamba, miaka ile tunahamia kwenye madungu, vile vibanda vya shambani, msimu wa mpunga, familia nzima, miezi. Mdogo wangu alishikwa na degedege usiku, macho yamepinduka, mikono inapiga. Bibi yetu aliwasha mavi ya tembo yaliyokaushwa, tukafukizwa wote, mtoto amefunikwa kaniki, na tukaambiwa ni yule dege wa usiku amepita juu ya nyumba, na asipelekwe hospitali maana akichomwa sindano anakufa. Baada ya muda akatulia. Bibi akapata sifa kijiji kizima.

Nilipokuja kusoma ndo nikaelewa. Degedege la homa linawapata watoto kati ya miezi 6 na miaka 5, na mara nyingi linakata lenyewe ndani ya dakika chache, kwa hiyo chochote ulichokuwa unakifanya dakika hizo ndicho kinachopewa sifa, iwe moshi, iwe kitunguu, iwe maji ya kumwagia. Na ile habari ya sindano inaua ilitoka wapi? Watoto walikuwa wanachelewa kwa waganga siku mbili tatu, wanafika hospitali malaria imeshapanda kichwani, wanachomwa sindano wakati wa mwisho, wakifa inalaumiwa sindano. Siwacheki wazee wetu, walikuwa wanaangalia kwa macho yao na ndicho walichokiona. Lakini sasa tunajua. Mtoto akishikwa mlaze ubavu, chini pasipo na kitu cha kumuumiza, tazama saa, USIMWEKE KIJIKO MDOMONI wala kidole, usimpe dawa ya kunywa wakati ule, utampalia. Likipita dakika 5 halijakata, au likirudi, ni bodaboda moja kwa moja hospitali, na hata likikata mapema bado mpeleke akapimwe maana huku kwetu huwezi kujua kama ni homa ya kawaida au ni malaria kali. Halafu kitu ambacho wamama wengi hawakijui, Panadol haizuii degedege, kwa hiyo usimzidishie dozi kwa hofu hiyo.

Hapo kwenye kupima ndipo ninapogombana na wateja. Duka langu halipimi malaria, nikiona homa nawatuma zahanati, kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni na majibu robo saa hivi, na kwa sera watoto chini ya miaka 5 hawalipi kwenye vituo vya serikali. Wananijibu "dokta we nipe tu mseto, najua ni malaria." Unajuaje? Wako watafiti walichunguza watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na hapahapa Ifakara mwaka 2008, malaria ilikutwa kwa mtoto mmoja hivi katika kila kumi, na zaidi ya nusu walikuwa na magonjwa ya njia ya hewa, mafua, kikohozi, vitu vya virusi ambavyo vingi vinapita vyenyewe. Kwa hiyo ukinunua mseto kwa kukisia mara nyingi unatibu ugonjwa ambao mtoto hana, na nimonia inaendelea kula kifua. Lakini pia usiseme basi malaria imeisha, yule mtoto wa Jumanne alikuwa nayo. Ndo maana ya kupima! Na ukipewa mseto maliza siku zote tatu, mpe na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, usibakize vidonge vitatu eti vya mdogo wake akiumwa. Nimeletewa hivyo vidonge vya akiba mara nyingi, "dokta hizi bado zinafaa?" Halafu kuna wale wanaorudia kipimo wiki mbili baada ya kupona, kinasoma chanya, wanaanza mseto upya. Kipimo hicho kinaweza kuendelea kusoma chanya wiki kadhaa wadudu wameshakufa, sasa kama homa imerudi, nenda zahanati wakuangalizie kwa darubini, usijitibie.

Sitaki hata kuanza habari ya meno ya plastiki. Mtoto ana homa na kuharisha, anapelekwa kwa mtu anafunguliwa fizi kwa spoki ya baiskeli kung'olewa "meno mabaya" ambayo kumbe ni meno yake ya kawaida hayajatoka. Bado yapo mhariri, msidhani yameisha. Wala kuota meno hakuleti homa kali, ikiwa kali tafuta sababu nyingine.

Pia usimpe mtoto aspirini, na usimkatie kipande cha diklofenaki yako ya mgongo. Na amoksilini iliyobaki chupani tangu mwezi wa nne, ile ya unga ikishachanganywa na maji ina siku zake chache, imwage.

Wa kukimbia naye bila hata kupita dukani kwangu ni hawa. Kichanga chini ya miezi miwili mwenye homa yoyote, huyo hana mjadala, hata usimpe Panadol ya kwanza nyumbani. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, aliyelegea haamki vizuri. Anayepumua mbio au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, shingo ngumu, utosi umevimba, viganja vimekuwa vyeupe, mkojo wa rangi ya kokakola au hajakojoa tangu asubuhi. Wa shamba ongezeni na umbali, kama mpo kwenye dungu na zahanati ni saa tatu kwa tope la masika basi msisubiri aanze kulegea, ondokeni homa ikianza, kwa sababu njiani napo panakula muda. Nakumbuka enzi za kivuko, kabla daraja la mto Kilombero halijakamilika, mtoto akizidiwa usiku upande wa pili mlikuwa mnakesha na kuangalia maji. Leo daraja lipo na bado watu wanakesha na kijiko.

Sasa ombi langu mhariri, ndo hasa nilichoandikia. Mna ukurasa mzima wa ratiba ya mechi na kiboksi cha bei za mazao. Naomba mtutolee chati ndogo ya kukata na mkasi, iandikwe na daktari wa watoto siyo mimi, upande mmoja kilo, upande wa pili mililita, ya 120 safu yake na ya 250 safu yake, kwa Kiswahili na herufi za kusomeka na bibi bila miwani. Wanaotengeneza dawa na wanaozisajili nao wakiisoma barua hii wafikirie kuweka chati hiyohiyo juu ya boksi, pale ilipo ile picha ya mtoto anayecheka.

Kuhusu kilo, najua wengi baada ya chanjo ya miezi 18 kadi inalala kabatini mpaka mtoto anaanza shule. Mpeleke kliniki tu akapimwe, hawakufukuzi. Ukishindwa kabisa, pita kwenye mashine ya kukoboa mpunga, panda mizani umembeba, kisha panda peke yako, toa. Siyo kamili lakini ni bora kuliko "mpe ya watoto". Mwenye mashine jirani yangu hapa ameshazoea, hatozi kitu, ila atakucheka kidogo uzito wako wewe.

Gazeti lenu huku linafika na basi la mchana. Hiyo chati mkiitoa, nakala ya kwanza naibandika mbele ya kaunta, nitatoa hata ile karatasi yangu ya "kukopa harusi, kulipa matanga" kuipisha.

Dispensa, Ifakara